Maswali Yenu: Nyayo za Paka na Rangi Zake

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona nyayo za paka wangu nyeusi, mbona zimepauka, mbona zimevimba. Kabla ya kujibu, tukubaliane neno. Kila kimto laini cha chini ya mguu tutakiita kitakia. Mguu wa mbele una vitakia saba: vitano vya vidole, kikubwa cha katikati, na kidogo kilichojitenga juu karibu na kifundo. Mguu wa nyuma una vitano.

SWALI: Nina paka wawili wa tumbo moja. Mweupe ana nyayo za waridi, mweusi ana nyayo nyeusi ti. Jirani anasema yule wa waridi hana damu ya kutosha. Nimpe dawa ya kuongeza damu?

JIBU: Usimpe. Paka huyo hana tatizo, na madini ya chuma yakizidi mwilini ni sumu.

Rangi ya nyayo hufuata rangi ya manyoya, kwa kuwa zote mbili zinatokana na melanini, yaani kile kitu kinachotia rangi ngozi na manyoya. Paka mweupe hana melanini nyayoni, kwa hiyo unaona damu inayopita chini ya ngozi, ndiyo ile waridi. Mweusi huwa na nyayo nyeusi au za kahawia iliyokolea. Wa kijivu huwa na kijivu chenye zambarau kidogo, na hilo huwatisha wengi bure. Wa milia huwa na rangi ya matofali au kahawia. Mwenye mabaka ya rangi mbili au tatu huwa na nyayo za mabaka pia, na si ajabu kidole kimoja kikawa cheusi na kinachofuata cha waridi. Paka wa Siam huzaliwa na nyayo zilizopauka, kisha zikakolea kadiri anavyokua, maana rangi yake hujitokeza kwenye sehemu za mwili zenye ubaridi.

Kwa hiyo usimlinganishe paka na nduguye. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, na mguu wa kushoto na wa kulia. Siku akiwa mzima, mchana, karibu na dirisha, mpige picha tano bila kuwasha taa ya simu: moja ya kila unyayo, na ya tano ya fizi. Subiri awe ametulia kama dakika kumi, kwa sababu paka aliyetoka kukimbia nyayo zake hupata joto na kuwa nyekundu, hata kulowa. Paka hutoa jasho nyayoni, zaidi akiwa na hofu.

Ukiwa na wasiwasi wa damu, panda juu mpaka kwenye fizi. Inua mdomo wa juu pembeni, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka mahali pale paweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Paka mwenye fizi nyeusi mvute kidogo kope la chini utazame utando wa ndani ya jicho. Kwa yule wako mweusi, hapo ndipo utapata jibu; nyayo zake hazitakuambia mengi.

SWALI: Paka wangu wa rangi ya chungwa, miaka minne, ametokwa na vidoa vyeusi midomoni, puani na sasa kwenye nyayo. Ni saratani?

JIBU: Kwa maelezo hayo, karibu hakika sivyo. Paka wa rangi ya chungwa, na wenye mabaka ya chungwa, huanza kutokwa na vidoa hivyo wakiwa bado vijana, na huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Ni melanini iliyojikusanya. Haviwashi, haviumi, havihitaji dawa.

Pitisha ncha ya kidole juu ya doa huku umefumba macho. Usipoweza kujua doa linaanzia wapi, yaani limelala sawa na ngozi, liache. Doa lililoinuka, lenye kigaga, linalotoa damu, lililozungukwa na uvimbe au linalokua wiki hadi wiki ni habari nyingine. Hilo lionwe na daktari wa wanyama, naye huenda akakata kipande kidogo kipimwe maabara.

Upande wa pili wa shilingi: nyayo nyeusi zinazogeuka nyeupe. Kama ngozi ni laini na nzima, na puani pia rangi imepotea, mara nyingi ni kupoteza melanini tu. Kama pana magaga au vidonda, basi kuna ugonjwa unaoila ngozi, na rangi imekwenda nayo.

SWALI: Paka mama ana watoto wanne wa wiki tano. Wawili nyayo zimekuwa nyeupe pe na wanalala sana. Nimeona viroboto wengi. Viroboto wanaweza kufanya hivyo kweli?

JIBU: Wanaweza, na wanaua. Piga hesabu nasi. Paka mchanga wa nusu kilo ana damu ya takriban mililita 30, yaani vijiko sita vya chai. Viroboto majike 70 hivi hunyonya karibu mililita 1 kwa siku. Kwa siku kumi wamekunywa theluthi ya damu yote aliyonayo, na mwili mdogo hivyo hauwahi kuifidia.

Wale wawili walioparara waende kwa daktari leo, hasa kama wameacha kunyonya au miili ni baridi. Huenda wakahitaji kuongezewa damu. Njiani wafunike, uwawekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa.

Wengine uwashughulikie nyumbani hivi. Weka bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kidogo. Chana kila mmoja kwa chanuo la meno ya karibukaribu, ukianzia shingoni ili viroboto wasikimbilie kichwani, na kila mchano mmoja chovya chanuo bakulini. Sabuni huwazamisha, kwenye maji matupu wengine huelea na kuruka. Zile punje nyeusi zinazobaki kwenye chanuo ziweke juu ya pamba iliyolowa: zikiacha duara la rangi ya kutu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mtoto wako iliyokwisha kusagwa. Rudia kila siku. Matandiko yafue kwa maji ya nyuzi 60, na mama atibiwe kwa dawa ya paka inayomfaa anayenyonyesha, atakayoitaja daktari.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kumpaka paka dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, dawa ya kuua wadudu. Ini la paka haliwezi kuivunja. Ataanza kutetemeka, kisha degedege, na wengi hawaponi.

Kwa paka mkubwa, nyayo na fizi zikipauka tafuta sababu kwingine: vimelea vya damu, virusi vya lukemia ya paka, figo zilizochoka, damu inayovuja ndani baada ya kugongwa, au vitunguu, vya maji na swaumu vyote, vinavyopasua chembe nyekundu za damu hata vikiwa vimepikwa kwenye mchuzi.

SWALI: Usiku paka wetu dume wa miaka sita alipiga ukelele mmoja, tukamkuta anaburura miguu ya nyuma. Nyayo za nyuma zilikuwa za samawati na baridi kama bati. Tulimsugua na kumkanda kwa maji moto mpaka asubuhi. Daktari akasema ni moyo, na paka hakupona. Moyo unaingiaje miguuni? Na tulikosea wapi?

JIBU: Poleni sana.

Kilichoingia miguuni ni bonge la damu. Paka wengi, madume zaidi, hupata ugonjwa wa kunenepa msuli wa moyo. Chumba cha juu cha kushoto hutanuka, damu huzungukazunguka humo bila kutoka upesi, ikaganda. Siku bonge likichomoka husafiri na mshipa mkuu wa damu mpaka pale unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma, na hapo hukwama. Misuli iliyo chini yake hukosa damu ghafla, na maumivu yake ndiyo ule ukelele. Mara nyingi hiyo huwa dalili ya kwanza kabisa. Jana yake paka alikuwa akila na kucheza.

Kukanda hakukusababisha bonge lile, wala msijilaumu kwa hilo. Lakini kwa atakayesoma haya, kukanda hakusaidii. Kusugua hakuyeyushi bonge, kunaongeza maumivu tu, na maji moto huunguza mguu usio na hisia bila paka kuweza kuuvuta. Aspirini msimpe. Mlazeni sandukuni juu ya taulo, mguu usipinde, msimbane, taa hafifu, na safari ianze saa hiyohiyo. Kitu cha kwanza atakachohitaji ni dawa kali ya maumivu, na hiyo haipo nyumbani.

Namna ya kutofautisha na mfupa uliovunjika au uti wa mgongo ulioumia ni hii. Gusa kwa mgongo wa mkono wako vitakia vya mbele, kisha vya nyuma. Kwenye bonge la damu tofauti ya joto ni dhahiri, wala huhitaji kipimajoto. Linganisha rangi: mbele waridi, nyuma zambarau au nyeupe ya majivu. Kama nyayo ni nyeusi, bonyeza kidole kucha ichomoze utazame kiini ndani ya ukucha. Kile cha waridi kitakuwa kimegeuka zambarau. Kisha weka vidole viwili ndani ya paja, karibu na kinena, utafute mapigo. Mfupa ukivunjika, mapigo kwa kawaida yapo na unyayo una joto.

Uwezekano wa kupona hutegemea mambo machache. Aliyepatwa mguu mmoja, au ambaye bado anausogeza kidogo, ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyepooza yote miwili na mwili mzima umepoa. Anayepona hupewa dawa ya kuzuia kuganda, mara nyingi klopidogreli, kwa sababu bonge jingine huweza kutokea.

Kama mna paka mwingine, hesabuni pumzi zake akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni moja. Kawaida ni 15 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 30 siku baada ya siku, apimwe moyo. Akipumua kwa mdomo wazi, msingoje kesho.

SWALI: Nyayo zote nne zimekuwa za kahawia iliyochanganyika na samawati, uso umevimba. Alikuwa anachechemea, nikampa nusu kidonge cha parasetamoli.

JIBU: Tumekujibu kwa simu, na tunachapisha kwa faida ya wengine. Hiyo ni sumu. Mwili wa paka hauna njia ya kutosha ya kuondoa parasetamoli. Damu hugeuka rangi ya chokoleti na kushindwa kubeba oksijeni, ndipo fizi na nyayo zinapata rangi hiyo, na uso na miguu kuvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Dawa yake ipo, asetilsisteini, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nenda na pakiti ya vidonge, umwambie daktari saa uliyompa na kiasi. Usifiche; hakuna atakayekucheka.

SWALI: Kitakia kikubwa cha katikati kwenye miguu ya mbele yote miwili kimevimba, laini kama mkate uliolowa, rangi ya zambarau, na kina mistari myeupe myembamba. Halii wala hachechemei. Mtu mmoja ametushauri tukipasue usaha utoke.

JIBU: Msipasue. Hamna usaha humo.

Maelezo yenu ni mazuri kiasi kwamba ugonjwa unajitaja wenyewe: chembe za kinga zinazotengeneza silaha za mwili zimejazana ndani ya kitakia. Hushika zaidi vile vikubwa vya katikati, aghalabu zaidi ya mguu mmoja, na mwanzoni hauumi. Ngozi hutanuka na kuwa nyembamba, ndipo ile mistari myeupe ya magamba inapojitokeza kwa kukatana. Ukibonyeza, kidole huzama kama kwenye puto lililopungua hewa. Mkikipasua mtapata kidonda kinachovuja damu, kwenye mahali ambapo paka hukanyagia kila siku na kufukia choo chake.

Daktari huchoma sindano nyembamba, hunyonya chembe kidogo na kuzitazama kwa hadubini. Mwombeni apime pia virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, kwa kuwa sehemu ya wagonjwa hawa huwa navyo.

Tiba ya kwanza ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na subira. Wiki tatu au nne za mwanzo huenda msione mabadiliko makubwa, na wengine huhitaji wiki nane au kumi. Walio wengi wanaoshindwa ni kwa sababu waliacha wiki ya pili. Na hapa pana mtego: kidonge cha doksisaiklini kikikwama kooni huunguza umio wa paka na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Kila baada ya kidonge mpeni maji mililita 5 au 6 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole pembeni mwa mdomo, au chakula cha majimaji papo hapo. Dawa isiposaidia daktari huongeza steroidi. Kwa muda wa matibabu, mchanga wa choo ubadilishwe na karatasi iliyochanwa ikiwa ngozi imeanza kupasuka.

Ugonjwa huu hauchanganywi kirahisi na mengine ukiwa makini. Mguu mmoja uliovimba ghafla ndani ya saa chache, unaouma: mdudu amemuuma. Mguu mmoja wenye moto, paka ana homa ya zaidi ya nyuzi 39.2 na hataki kula: jipu, mara nyingi la meno ya paka mwenzake, na hilo ndilo la kupasuliwa, kwa mkono wa daktari. Magaga makavu nyayoni pamoja na usaha mzito kama jibini kwenye mizizi ya makucha, na magaga mengine masikioni: mwili unashambulia ngozi yake wenyewe.

SWALI: Nyayo za waridi zimekuwa na umanjano. Ni taa au macho yangu?

JIBU: Huenda ni taa kweli. Mpeleke dirishani mchana utazame mahali pengine patatu: weupe wa jicho, ndani ya sikio, na fizi. Pote pakiwa na manjano, ni ini, njia ya nyongo, au chembe za damu zinazovunjika kwa wingi, na aonwe siku hiyohiyo. Swali moja la kumjibu daktari ni hili: amekula lini mara ya mwisho? Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Anayepona huponywa na chakula kuliko dawa, mara nyingi kwa mpira wa kulishia, wiki kadhaa.

SWALI: Kila nikipiga deki, paka analamba miguu na nyayo zinakuwa nyekundu pyu.

JIBU: Tazama ile dawa ya sakafu. Kama ukiimimina majini maji yanageuka meupe kama maziwa, mara nyingi ina fenoli au jamii yake, na paka hawaivumilii: huunguza unyayo, kisha ulimi anapolamba, kisha hudhuru ini. Nyingine zenye benzalkoni huleta vidonda vya ulimi na udenda, nazo huchelewa kuonekana kwa saa kadhaa. Mwoshe nyayo sasa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, katikati ya vidole pia, suuza, kausha, na mvalishe kola ya kuzuia kulamba. Deki kwa maji na sabuni ya kawaida, paka akae chumba kingine mpaka sakafu ikauke kabisa.

Kama wekundu ulitokana na moto, bati la jua au jiko, tia unyayo kwenye maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 10 hadi 20. Barafu hapana, siagi hapana, dawa ya meno hapana. Malengelenge yakitokea, yaache yalivyo, funika kwa shashi safi, nenda kliniki.

SWALI: Paka mzee, miaka kumi na nne, kitakia cha kidole kimoja tu kimekuwa chekundu na kinanuka.

JIBU: Tazama ukucha kabla ya kitu kingine. Wazee hawanoi kucha kama zamani, nazo hunenepa na kujikunja mpaka zikachoma kitakia. Anza na kile kidole cha juu cha ndani ambacho hakigusi ardhi, ndicho kinachosahaulika. Ukucha ukiwa umegusa tu, ukate kwa kikata kucha kikali milimita 2 kabla ya kiini cha waridi, kisha osha kidonda mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti haifai. Ukiwa umezama ndani, usiung'oe. Daktari ataukata na kuutoa akiwa amempa dawa ya maumivu. Baadaye kagua kucha kila wiki mbili.

Kama ukucha hauna kosa na vidole vimevimba viwili au zaidi, hasa miguu tofauti, omba picha ya eksirei ya kifua kabla hujamkubalia mtu yeyote kukata kidole. Kwa paka wazee saratani ya mapafu husafiri hadi vidoleni, na wengi hupelekwa kwa kuchechemea bila hata kukohoa. Kidole hukatwa, na mwezi unaofuata huvimba kingine.